Chumba cha Baridi cha Kiritiri

Nilisafiri kwenda Kiritiri kwa sababu ya simu ya Wawira. Alinipigia Jumatatu asubuhi nikiwa ofisini Mitunguu, katika ushirika wetu wa wakulima wa ndizi, ambako kazi yangu ni kutunza kumbukumbu. Wawira nilimfundisha kompyuta miaka tisa iliyopita katika chuo kidogo cha ufundi mjini Embu, kabla sijaacha ualimu na kurudi nyumbani Meru. Siku hizi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa mbuzi kule kwao Kiritiri, na si mtu wa kupiga simu bila sababu.

"Madam, wanataka kununua seva nyingine," akasema.

"Mnazo ngapi sasa?"

"Mbili, na zote zimejaa. Na pampu ya kisima inazima saa sita mchana, kwa sababu stima ya sola inaishia kwenye hizo mashine na kwenye AC ya kuzipoza. Jana akina mama walishuka tena mtoni na mitungi."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhifadhi. Haizimwi usiku wala mchana. Inatoa joto kama jiko, kwa hiyo huwekewa mashine nyingine ya kulipunguza hilo joto, na hiyo ya pili mara nyingi hula stima kuliko ya kwanza. Sisi Mitunguu tulikuwa na shida hiyo hiyo. Tulikuwa tumehifadhi picha ya kila mkungu wa ndizi uliowahi kupita kwenye mizani yetu, kila picha mara tatu, na chumba kilinguruma mchana kutwa kama kinu cha posho. Nilikaa miezi miwili nikifuta na kupanga. Tukabaki na mashine moja ndogo inayokaa kwenye rafu, haipozwi na chochote. Habari hiyo ilinipa jina katika vyama vya huku kwetu, na sitadanganya, nililifurahia.

"Mkutano wa kuamua ni lini?" nikamuuliza.

"Alhamisi."

"Basi nakuja Jumatano."

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Mitunguu kwa pikapu ya ushirika. Mutwiri, dereva wetu, alikuwa anapeleka miche ya migomba kwa mteja Ishiara, na mimi nikakaa mbele na begi langu na diski mbili mpya nilizozifunga ndani ya shuka. Mashamba yalikuwa bado yamelowa. Huku kwetu maji huteremka kwa mabomba kutoka mlimani, na vinyunyizio vilikuwa vinazunguka katikati ya migomba kama kila asubuhi. Mtu aliyezaliwa Mitunguu hazioni hizo mvua za bomba. Mimi siku hiyo niliziona, kwa sababu nilijua ninakoelekea.

Tulipovuka Mto Mutonga Mutwiri aliniuliza kilichonipeleka. Nikamweleza.

"Sasa picha ina uzito gani?" akasema. "Mimi simu yangu ina picha elfu na kitu na haijawa nzito."

"Simu ikijaa unafanya nini?"

"Zinaenda huko juu. Kwa wingu."

"Huko juu ni chini, Mutwiri. Ni nyumba kubwa mahali fulani, imejaa mashine kama zile tulizozizima mwaka jana, ila ni maelfu. Zinakula stima, zinapozwa kwa maji na kwa hewa baridi, na kila baada ya miaka michache zinang'olewa zinatupwa, zinaletwa mpya. Ile picha ya gari la harusi uliyotumiwa na watu saba iko huko mara saba."

Akaendesha mpaka tukapita Chiakariga. Hapo ardhi ilishabadilika, migomba imekwisha, imebaki miiba na mawe na mtama uliokauka ukiwa umesimama. Kisha akasema, "Nane. Nami niliituma kwa ndugu yangu."

Saa tatu tulifika Ishiara, tukashusha miche, tukaagana. Nikapata lifti kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anarudi Siakago, na kutoka pale nikafika Kiritiri saa saba na nusu, jua likiwa limesimama kichwani. Malori ya mchanga yalikuwa yamepanga foleni kando ya barabara, na magunia ya makaa yamesimama kivulini mwa vibanda. Wawira alikuwa ananingoja mbele ya duka la dawa za mifugo. Niliyemwacha akiwa msichana mwembamba anayeandika kwa vidole viwili sasa alikuwa mama mwenye mkoba wa ngozi na sauti ya mtu anayesikilizwa. Alinisalimia kwa mikono miwili, akachukua begi langu.

"Umekuja na jua lako kutoka Meru?" akaniuliza.

"Hili nimelikuta hapa hapa."

Ofisi ya kikundi iko mwendo mfupi kutoka sokoni. Kwanza nikaona paneli za sola, safu mbili ndefu zinazong'aa juu ya paa. Halafu nikaona bomba la maji uani. Mitungi ya njano ilikuwa imepangwa kutoka bombani hadi getini, haina wenyewe; wenyewe walikuwa wamechoka kusimama wakaenda kukaa kivulini. Bomba lilikuwa kavu.

Mwenyekiti, mzee Ireri, alitupokea mlangoni. Ni mtu wa miaka sitini na kidogo, mrefu, aliyefanya kazi ya kutibu mifugo maisha yake yote kabla ya kustaafu, na anasema Kiswahili cha kuchagua maneno.

"Mwalimu wa katibu wetu ni mwalimu wetu," akasema. "Kabla ya chakula, nikuonyeshe kitu. Lakini vua viatu."

Nikavua. Akafungua mlango wa chuma, na baridi ikatupiga usoni kama tumefungua friji ya bucha. Chumba kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi nyeupe, na ndani yake mashine mbili nyeusi zinapepesa taa za kijani. Juu ukutani AC ilikuwa inaguna. Mabati ya paa hayakuwa na dari, na ukuta mmoja ulitazama magharibi. Nje kulikuwa na joto la kuchoma nyayo, na humu ndani nilijifunga leso mabegani.

"Wageni wote tunawaleta hapa," mzee Ireri akasema. "Hata wale wa kutoka Nairobi walishangaa. Kila mbuzi wa kila mwanachama yumo humu. Picha yake ya kila wiki. Tangu tulipoanza."

"Kwa nini kila wiki, mzee?"

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeuliza sana. Kisha akanisimulia. Zamani kikundi kilikuwa na vitabu vikubwa vya karatasi, vinavyoonyesha kila mbuzi na mama yake na baba yake, kwa sababu mbegu nzuri haitunziki bila kujua nani amezaliwa na nani. Vitabu vilikaa kwenye kabati la mbao. Siku moja walipolifungua walikuta mchwa wameacha majalada tu. Mbegu zilichanganyika, watu wakapandisha mbuzi ndugu kwa ndugu, vitoto vikazaliwa dhaifu. Ilichukua miaka kurudisha walipokuwa.

"Siku ile niliapa," akasema, "kikundi hiki hakitapoteza tena hata herufi moja."

Nilikuwa nimekuja nikidhani nitakuta mtu anayependa mashine kwa sifa. Nilimkuta mtu anayekumbuka hasara. Hapo nikajua kwamba hotuba niliyoiandaa haifai.

Jioni, kabla ya chakula, mimi na Wawira tulikaa mezani kwake na kompyuta, tukapima nini kimejaza nini. Mama mkwe wake alikuwa anasonga ugali wa mtama, na kunde zilikuwa zinachemka. Kwa muda mfupi tu tulishajua. Orodha za ukoo, chanjo, kuzaliwa na kufa, vyote tangu mwanzo, vilikuwa kiasi kidogo cha kuingia kwenye kadi ya simu na nafasi ikabaki. Vilivyobaki vyote vilikuwa picha, pamoja na video za kamera ya getini ambazo hakuna aliyewahi kuzitazama. Picha moja ya mbuzi ilipigwa na mtu wa kikundi anayezunguka vijijini, ikatumwa kwenye kundi la simu, simu zote za ofisini zikaihifadhi zenyewe, ikaingia kwenye seva ya kwanza, ikanakiliwa ya pili, na simu zikaituma tena kwenye nafasi ya kukodi ng'ambo.

"Huyu mbuzi mmoja," Wawira akasema akihesabu kwa vidole, "anakula stima mahali pangapi?"

"Na pengine ameshaliwa," nikasema.

Mama mkwe wake akacheka kutoka jikoni. Alikuwa anasikiliza.

Alhamisi saa nne mkutano ukaanza ndani ya ghala la ndengu, jengo la mawe manene lililojengwa zamani, lenye miti ya mikwaju nyuma yake. Walikuja watu karibu sabini. Mzee Ireri alifungua kwa sala, akasema agenda ni moja, kununua seva ya tatu na AC kubwa zaidi, kisha akasema yupo mgeni kutoka Meru ambaye ana maoni tofauti, na akakaa akiwa amekunja mikono.

Nikasimama. Nikawaambia kwanza kuwa nimesikia habari ya mchwa na sikuja kuwafanya wapoteze chochote. Kisha nikawaambia yaliyomo kwenye mashine, kwa maneno ya kawaida, na kwamba stima inayolinda picha hizo ndiyo stima iliyokuwa ivute maji. Watu walijua nusu ya hilo. Nusu ya pili, kwamba picha hazikai bure, hawakuijua. Mnung'uniko ukapita ghalani.

Mama mmoja akasimama nyuma. Wawira aliniambia pembeni kuwa huyo ni Mama Ngithi, mwenye mbuzi wengi kuliko wote, na kwamba akikataa yeye kikundi kimekataa.

"Mwalimu," akasema, "mimi maji nayataka. Naenda mtoni kila siku na magoti haya. Lakini nikuulize. Mkimfuta mbuzi wangu kwenye hiyo mashine, kesho akizaa, nani atamjua mama yake?"

Watu wakaitikia. Lilikuwa swali zuri, na sikulijibu kwa haraka. Nikauliza wote swali lingine: ni nani aliyewahi kuja ofisini kuomba kuona picha ya mbuzi ya zamani, iliyopita mwaka?

Mkono mmoja ukainuka. Alikuwa mzee anaitwa Mbogo. Akaeleza kwamba beberu wake aliibwa akapatikana soko la mbali, na aliyempata akasema ni wake. Mzee Mbogo akaja ofisini, Wawira akamtolea picha ya huyo beberu akiwa mdogo, mwenye baka jeupe nyuma ya sikio, akaipeleka kwa polisi, akarudi na mbuzi wake.

"Ungehitaji picha ngapi?" Wawira akamuuliza.

"Moja. Ile ya baka."

Hapo mazungumzo yakatoka mikononi mwangu, na hilo ndilo ninalojivunia zaidi katika siku ile. Mwanamke mmoja akasema basi mbuzi apigwe picha akizaliwa. Mwingine akasema akizaliwa hajatulia rangi, apigwe tena akikomaa. Mzee Mbogo akasema na siku akiuzwa, ili anayenunua asije kusema alipewa mwingine. Mama Ngithi akasimama tena akasema sawa, picha tatu, lakini majina ya ukoo yasifutwe kamwe, hata ya mbuzi waliokufa. Nikamwambia maneno hayali kitu, yatakaa milele. Kamera ya getini wakasema ishike video za wiki mbili tu, kwa sababu mwizi asiyejulikana kwa wiki mbili hajulikani tena. Wawira alikuwa anaandika. Alipomaliza alisoma kwa sauti, kwa Kiswahili kisha kwa Kimbeere, na mikono ikainuka.

Mzee Ireri hakuinua wake. Alisema ataona kwanza.

Ijumaa asubuhi tukaanza kazi, mimi na Wawira, ndani ya chumba cha baridi, kila mmoja amevaa sweta. Utaratibu ulikuwa huu: kuondoa nakala za nakala, kuchagua picha tatu za kila mbuzi, kuzipunguza ukubwa, halafu kilichobaki tukiandike kwenye zile diski mbili nilizokuja nazo. Diski mbili hizo zingelala, moja kwenye sanduku la chuma la ofisi na nyingine mbali, kwa mhasibu wa kanisa. Diski iliyolala haili stima. Mashine moja tu ingebaki macho kwa kazi ya kila siku.

Kufikia saa saba tulikuwa tumekwenda vizuri sana. Mimi nilikuwa na mwendo. Kazi hii niliifanya kwetu kwa miezi miwili, mkono ulishajua njia. Nikafika kwenye folda mbili zenye jina moja, zenye faili zenye majina sawa na idadi sawa. Ya pili ilikuwa imeongezewa tu neno "nakala". Nikaichagua yote, kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta.

Wawira akanishika mkono. Hakuugusa tu, aliushika kwenye kifundo.

"Hiyo usifute, Madam."

"Ni nakala, Wawira. Nimelinganisha."

"Umelinganisha majina. Fungua ndani."

Nilikerwa kidogo, nakiri. Lakini nikafungua faili moja kila upande, na nikaona. Upande wa kwanza, safu za mbuzi wa vijiji vya mtoni zilikatika katikati ya mwaka. Upande wa pili ziliendelea, zenye mamia ya mbuzi waliozaliwa na chanjo zao.

Wawira akanieleza. Msimu ule wa ukame mkali watu wengi walihamisha mbuzi hadi karibu na mabwawa ya Mto Tana, na wakati huo huo seva ya kwanza iliharibika ikapelekwa kutengenezwa. Katibu aliyekuwepo aliendelea kuandika kwenye nakala, na mashine iliporudi hakuunganisha. Wawira hakuwa katibu bado. Alikuwa mmoja wa wale wanaozunguka vijijini, na ndiye aliyetembea kwa miguu kutoka boma hadi boma kule mabwawani, akiandika kila mbuzi aliyezaliwa ugenini.

"Hawa ni wa Mama Ngithi," akasema akionyesha safu ndefu. "Huyu ni nyanya wa karibu mbuzi wake wote wa sasa. Hayupo mahali pengine popote."

Nilitoa mkono kwenye kompyuta. Akilini niliuona tena mkutano wa jana, na mama yule amesimama nyuma akiniuliza nani atamjua mama yake, na mimi nikijibu kwa uhakika kwamba maneno yatakaa milele. Siku moja baadaye ningeyafuta kwa kidole changu mwenyewe. Baridi ya chumba kile niliisikia hadi mifupani.

"Nimshukuru nani aliyekufundisha?" nikasema.

"Wewe ulinifundisha kufungua ndani," Wawira akasema. "Ulikuwa unatuambia jina la faili si faili. Ulisema kila wiki mpaka tukachoka."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema. Tukatoka nje, tukakaa juani dakika kumi, tukanywa uji wa wimbi, na niliporudi nilibadilisha utaratibu. Yeye akakaa kwenye kompyuta, mimi nikakaa kando kama msaidizi, na hakuna kilichofutwa mpaka wote wawili tumeona ndani yake na kusema ndiyo. Tulichelewa nusu siku. Tuliunganisha zile safu zilizokatika, na jioni Wawira alikwenda kwa mzee Ireri akamwambia kila kitu, pamoja na kosa langu, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Nilimwomba mwenyewe amwambie.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo chumba kilikuwa kinaficha pengo," akasema. "Miaka yote hii nawaonyesha wageni."

"Tusingelijua kama tusingefungua kusafisha," Wawira akamwambia.

Akatikisa kichwa polepole. "Kesho nitazima mimi," akasema.

Jumamosi saa tatu tulihamisha mashine moja tuliyoibakiza hadi kwenye ghala la ndengu. Ndani ya mawe yale manene, chini ya kivuli cha mikwaju, joto halipandi sana hata mchana. Fundi alitoboa matundu mawili ukutani, moja chini na moja juu, ili hewa ipite, akayafunika kwa wavu wa kuzuia wadudu. Miguu ya meza tukaisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya mchwa. Hilo lilikuwa wazo la mzee Ireri, na hakuna aliyelipinga.

Kisha tukarudi kwenye chumba cheupe. Wanachama kama ishirini walikuwa wamekuja kuona. Mzee Ireri alivua viatu kwa mazoea, akaingia, akazima seva ya pili, akasubiri taa zife, halafu akazima AC. Ile sauti ya kuguna ilikatika. Tulisikia mbuzi wakilia mbali.

"Sasa wageni nitawaonyesha nini?" akasema, bila kumtazama mtu.

"Waonyeshe maji," Mama Ngithi akajibu kutoka mlangoni.

Siku hiyo saa sita ilipofika watu wote walikuwa uani, wamejifanya wana shughuli. Saa sita ikapita. Pampu ilikuwa inavuma. Saa nane ikapita, mitungi ikawa inajaa na kuondoka, na wanawake ambao kwa kawaida wangekuwa njiani kwenda mtoni walikuwa wamekaa wanachambua ndengu. Saa kumi na moja jua lilipoanza kuachia paneli, pampu ilizimwa na mtu, kwa sababu tangi lilikuwa limejaa. Nilisimama karibu na Wawira. Mtu akampigia mluzi, mwingine akamwita kwa jina la ukoo wake, jina wanaloitwa waliofanya jambo kubwa. Aliinamisha kichwa, lakini niliona anatabasamu. Nimefundisha wanafunzi wengi. Sijawahi kusimama karibu na mmoja wao nikahisi ninakua mrefu, isipokuwa siku hiyo.

Jumapili baada ya kanisa niliondoka, safari hii kwa njia ya juu kupitia Embu, kwa sababu nilikuwa na mzigo: diski tano zilizokufa na betri mbili kuukuu zilizokuwa zimetupwa nyuma ya ofisi, karibu na korongo linalopeleka maji mtoni mvua ikinyesha. Embu nilimkuta fundi niliyemfahamu tangu nikifundisha, anayekusanya vyombo vya umeme vilivyoharibika na kuvipeleka kwa wanaovivunja kwa utaratibu. Aliipindua diski moja mkononi.

"Hii ingeweza kufanya kazi miaka mingine mitatu," akasema. "Imekufa mapema kwa kuandikwa na kunakiliwa bila kupumzika."

Kutoka Embu barabara inapanda na kushuka mabonde ya Runyenjes na Chuka, chai upande huu na kahawa upande ule, na mlima ulikuwa wazi mpaka jioni. Nilikaa dirishani nikafungua simu yangu. Nilizima ile amri ya kuhifadhi picha zote zinazotumwa. Nikaanza kufuta, na kabla ya Nkubu nilikuwa nimeondoa mamia ya maua ya kusalimia asubuhi na video ambazo sikuzitazama hata mara moja. Picha za mama yangu nilizifungua moja moja, nikaziacha.

Jumatatu asubuhi, Mitunguu, niliitisha kamati yetu. Walitaka kusikia nilivyofaulu. Nikawaambia kilichotokea Ijumaa saa saba, bila kupunguza. Niliwaambia pia kwamba mwaka jana nilikuwa nikifuta kwa miezi miwili nikiwa peke yangu chumbani, na kwamba sijui, na sitajua, kama sikufuta kitu kilichokuwa na jina la nakala na hakikuwa nakala. Mwenyekiti wetu akauliza tufanye nini. Tukaandika sheria siku ile ile: tutapunguza, tutaendelea kupunguza, lakini hakuna atakayefuta peke yake, na hakuna atakayefuta kwa kusoma jina. Ni sheria fupi. Nilijifunza Kiritiri kwamba kuhifadhi kila kitu ni uvivu wa aina moja, na kufuta haraka ni uvivu wa aina nyingine, na vyote viwili anavilipia mtu aliye mwisho wa bomba.

Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu kutoka Laare, na katibu wa chama cha wakulima wa miraa. Walikuwa wamesikia habari za Kiritiri. Nao wana chumba, wana mashine, wana jenereta ya dizeli inayonguruma kati ya miraa mchana kutwa. Alitaka niende.

"Mpigie Wawira," nikamwambia, nikamtajia namba.

Akasitasita. "Mama, huyo ni msichana wa juzi. Sisi tunamtaka mwenye uzoefu. Anaijua kazi kama wewe?"

"Mimi nilikuwa naharibu," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyenishika mkono."